Kissa Si Mgahawa

Tukuyu,
26 Februari 2006

Mwanangu Edina,

Nimekufundisha kuandika barua tangu darasa la tatu, kwa hiyo sitaanza na "natumaini u mzima wa afya". Mimi mzima, isipokuwa masikio, na ndiyo maana sipendi simu. Juzi ulipopiga nilisikia "jina", nikasikia "Wajapani", nikasikia "tatizo", kisha salio lako likaisha. Maneno matatu kama hayo yanamnyima mtu usingizi.

Basi naandika jibu ingawa swali sikulisikia vizuri. Mtoto akiwa wa kiume, muiteni mnavyotaka, ninyi na wakwe zako. Akiwa wa kike ataitwa Kissa, jina la mama yako. Hili si ombi. Mkwe wetu Yasuhiro akiuliza maana, mwambie kwa Kinyakyusa ni huruma. Mama yako ameishi na mimi miaka thelathini na tisa. Kama hiyo si huruma, sijui tuiite nini. Tena ni jina fupi. Hata yeye anayeita "kula" "kura" hatalishindwa.

Mama yako ndiyo kwanza anatoka kuchuma chai. Kaninyang'anya kalamu aongeze mstari wake kama kawaida. Unajua mwenyewe kwamba r na z hazijawahi kukaa kinywani mwake wala kwenye kalamu yake. Kama kawaida, sisahihishi.

Baba yako,
Mwl. Jonas Mwakatobe

*Habali ya huko mwanangu. Kula visuli, usibebe visito. Mama.*


Guangzhou,
20 Machi 2006

Baba,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake, umwambie nakula. Shida yangu si chakula, ni hilo jina.

Nilipolitaja mezani, Yasuhiro aliweka kikombe chini akaniuliza, "Kwa nini tumwite mtoto wetu mgahawa?" Nikadhani Kiswahili chake kimemponyoka. Wapi! Kwao kissa ni kunywa chai, na nyumba za chai na kahawa zimeandikwa hivyo mlangoni: 喫茶. Nagoya, mji aliozaliwa, zipo kila kona. Mama yake alipoelezwa kwenye simu aliuliza kwa upole mwingi kama tuna mpango wa kufungua biashara.

Sasa nisikilize kwa macho. Wenzetu hawa hawaandiki jina kwa sauti tu. Wanatumia alama ambazo zamani walizichukua kwa Wachina, na kila alama ina maana yake. Sauti moja inaweza kuwa na alama hata hamsini. Nikitafuta "ki" naletewa mti, tumaini, msimu, hatari, zimwi. Nikitafuta "sa" naletewa mchanga, shashi, kushoto. Nimekaa na kamusi Jumapili nne mfululizo. Naweza kukupa mjukuu anayeitwa Tumaini la Mchanga, au Msimu wa Kushoto. Huruma haimo. Ukishika sauti, maana inakutoka. Ukishika maana, sauti imekimbia. Zipo herufi nyepesi za kuandikia majina ya kigeni, lakini mama mkwe anasema mjukuu wake si mgeni. Hilo ndilo jambo pekee tunalokubaliana.

Yeye ameshatuma orodha ya majina kumi na moja, na kila alama ameihesabia mistari yake, maana kuna idadi yenye heri na yenye nuksi. Na Yasuhiro hakatai kitu wala hakubali kitu. Anavuta hewa kati ya meno, sss, halafu anatazama dirishani. Laiti angesema hapana! Kule Shahe ninakowanunulia wateja nguo, mwenye duka, laoban, asipotaka bei yako anakwambia meiyou, hakuna, usoni kabisa, nawe unahamia duka la pili. Huyu wangu nitahamia wapi?

Na muda unahesabiwa. Mtoto akishazaliwa tuna miezi mitatu tu ya kupeleka jina lake ubalozi mdogo wa Japani hapa. Ikipita, anapoteza uraia wa baba yake. Nakuomba, baba, nipe jina jingine la ukoo wetu. Lolote.

Mwanao,
Edina


Tukuyu,
18 Aprili 2006

Mwanangu Edina,

Jumamosi simu ilisema "msichana", "jana" na "salama". Hayo niliyasikia yote. Mtoto wa Ijumaa Kuu! Mungu ni mwema. Hongera, na mpe hongera huyo mvuta hewa.

Sasa tugombane. Mgahawa! Mama yako amechuma chai miaka ishirini na sita ili wewe upate ada ya shule. Kama Wajapani wanataja jina lake kila wanaponywa chai, na walitaje. Pengine hata majani ni yake. Jina jingine sina. Na usije ukaniletea habari ya kupunguza s moja ili lilingane na alama zao. Ukiitoa unabaki na kisa, na visa tunavyo vya kutosha.

Ufumbuzi nakupa mimi. Tafuta hiyo alama ya huruma, iandike, halafu waambie inasomwa Kissa. Basi. Nimesimama mbele ya ubao miaka thelathini na miwili. Mwalimu akisema herufi inasomwa hivi, inasomwa hivi. Wazazi wa mtoto ndio walimu wa jina lake. Sioni ugumu uko wapi.

Lakini fanya haraka. Usingoje miezi mitatu, na usiniulize kwa nini. Nataka kusikia kwamba jina limeandikwa.

Baba yako,
Mwl. Jonas Mwakatobe

*Habari ya huko mwanangu. Hongera sana. Kula vizuri, usibebe vizito. Mama.*


Guangzhou,
9 Mei 2006

Baba,

Shikamoo. Nimechoka, na naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo ukikuta ukali uupokee kama ulivyo.

Mtoto ana siku ishirini na tano na hana jina. Hospitali walimfunga kibandiko mkononi, "mtoto wa Edina", na hadi leo ndivyo alivyo. Mama mkwe amefika kutoka Nagoya. Anamwita Sayuri, jina la tatu kwenye orodha yake, bila kumuuliza mtu. Mimi namwita Kissa. Baba yake, asije akagombana na yeyote, anamwita "mtoto". Mwenyewe akisikia majina matatu yanatoka pande tatu analia, na simlaumu.

Ufumbuzi wako niliusoma kwa sauti mbele ya Yasuhiro ili tucheke. Mimi nilicheka. Yeye alivuta hewa. Baba, alama si kitoto cha darasa la kwanza kwamba ukiikemea itakaa unapotaka. Kila moja ina sauti zake, zimo kwenye kamusi, hazijangoja ruhusa kutoka Tukuyu. Unaniamuru kitu usichokijua kutoka mahali usipoona uso wangu, halafu unaniambia nisiulize kwa nini. Nina miaka thelathini na moja. Naulizaje sasa, ninyooshe mkono juu?

Naona nikubali hiyo Sayuri. Maana yake ni yungiyungi dogo, ni jina zuri, halina ugomvi. Mama atanielewa. Siku zote yeye ndiye anayeelewa.

Na jambo moja. Barua hii nampa mkononi Abeli, yule mfanyabiashara wa kwetu Tukuyu, anaruka kesho kutwa na mzigo wake wa viatu, kwa hiyo usiseme haikufika. Nijibu swali hili kabla ya mengine yote: mama ameanza lini kuandika r?

Edina


Tukuyu,
22 Mei 2006

Mwanangu Edina,

Abeli amenikabidhi barua yako jana.

Kuhusu r, mtu huelimika. Amekaa na mwalimu miaka thelathini na tisa, hatimaye imemwingia. Elimu haina mwisho, hilo nimekufundisha mwenyewe.

Kuhusu Sayuri, sitaki. Sina ubaya na maua. Lakini kama uliwahi kunisikiliza mara moja katika maisha yako, na iwe hii. Nimechoka kuandika neno lilelile. Andika Kissa. Liandike kwa alama ya zimwi kama hakuna nyingine, ila uliandike.

Mama yako anakusalimu. Leo hakuongeza mstari, mikono yake ina kazi.

Baba yako,
Mwl. Jonas Mwakatobe


Guangzhou,
2 Juni 2006

Dada Edina,

Mambo. Barua ya mzee na kifurushi cha majani ya chai nimemwachia mlinzi wa jengo lenu. Sikupanda juu kwa sababu nikikuona nitasema, na mzee ameniapisha kwa Biblia nisiseme. Kwa hiyo sisemi. Naandika tu.

Mama aliangushwa na kiharusi Jumanne ile kabla ya Pasaka, siku tatu kabla hujajifungua. Upande wa kulia wote umelala. Hasemi, lakini anasikia. Mzee anamlisha mwenyewe, anampikia uji mwenyewe, una mabonge kweli, majirani wakija kusaidia anawafukuza. Mwanzo aliogopa kukwambia kwa kuwa ulikuwa karibu na uchungu. Halafu ukawa mzazi mbichi. Halafu akawa amechelewa, hajui aanzie wapi.

Kila nikifika pale ananishika koti ananiuliza, "Jina?" kama mimi ni laoban nimemkalia mzigo wake. Na mimi jibu langu ni moja, meiyou. Inauma, dada. Mpe mzee jina lake.

Nipo soko la Liuhua mpaka Jumatano, nangoja wafunge kontena la viatu. Usinitukane.

Abeli


Guangzhou,
15 Juni 2006

Baba,

Nilipiga simu mara tatu. Mara tatu ukasema "sikusikii" ukakata. Masikio yako yanafanya kazi pale unapotaka. Basi soma.

Nimekukasirikia kiasi ambacho sijui nitakiweka wapi. Miezi miwili nachambua mchanga na shashi kama mtu anayechagua kitambaa cha kushonea, na mama amelala upande mmoja. Umenifanya nimgombanie kama jina wakati ningemlilia kama mama. Ungesema neno moja tu! Nilitaka kupanda ndege kesho yake. Nikaambiwa mtoto hawezi kusafiri bila pasipoti, pasipoti haitoki bila usajili, usajili haupo bila jina. Umeona ulivyotufunga? Siku hiyo nilikuwa tayari kumwandika hata Mgahawa.

Nilimweleza Yasuhiro nikiwa nalia. Safari hii hakuvuta hewa. Alikwenda kwenye begi lake la kazini akatoa karatasi iliyokunjwa. Tangu mwezi wa tano, baada ya mimi kuusoma ufumbuzi wako na kucheka, alikuwa amepiga simu ofisi ya mtaa wao Nagoya. Wakamwambia kwamba katika daftari la ukoo huandikwa alama peke yake. Namna ya kuisoma ni juu ya wazazi. Baba, ulisema kweli bila kujua unachosema. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mama yake kwanza. Yaani Tukuyu mmoja amekalia siri, hapa Guangzhou mwingine amekalia jibu, na mimi katikati napekua kamusi! Nilimrushia kandambili. Ilimpata.

Mama mkwe aliposikia alichora alama ile hewani kwa kidole, akahesabu mistari yake. Kumi na tatu. Akasema kumi na tatu haina ubaya. Kisha akauliza, "Mwenye jina yuko hai?" Nikasema yuko hai, anaumwa. Akasema, "Basi mnangoja nini?" Huyo huyo, baba, aliyenihesabia mistari tangu mwezi wa tatu.

Alama yenyewe ni hii: 慈. Ni huruma. Hapo chini, hivyo vidoa vinne, ni moyo. Juzi nikiwa Shahe nilimwonyesha laoban wangu, mama mmoja mtu mzima anayeuza suruali za watoto, hajawahi kunipunguzia hata senti. Aliiangalia akaguna. Akasema zamani Mchina mwenye adabu, akimtaja mama yake mzazi mbele ya wageni, alimtaja kwa alama hii. Nikamuuliza, na baba je? Akasema baba alitajwa kwa alama ya "mkali". Nikaanza kucheka pale katikati ya marobota, huku machozi yananitoka, hadi akanipa kigoda nikae. Halafu bei akaniachia ileile.

Leo asubuhi tumepeleka fomu. Karani aliitazama alama, akatutazama, akauliza, "Inasomwaje?" Yasuhiro akajibu, "Kissa." Karani akainua macho kidogo. Nikamngoja aseme neno la mgahawa, nilikuwa nimejiandaa. Akaandika.

Imekwisha, baba. Pasipoti wanasema wiki sita. Abeli ameshaondoka, kwa hiyo naituma kwa posta. Ukurasa wa pili nimeiandika alama kubwa peke yake. Mwekee mama mahali anapoweza kuiona, umwambie lile ni jina lake na la mjukuu wake. Mwambie tunakuja. Na wewe usithubutu kumwandikia mstari wake tena.

Edina


Tukuyu,
6 Julai 2006

Mwanangu Edina,

Habari ya msiba nilikupa mwenyewe kwa simu, na sauti yako siku hiyo niliisikia. Mama yako aliondoka Jumatano tarehe 28, mchana, nikiwa nimeshika kijiko. Tulimzika Ijumaa. Barua yako imefika Jumanne iliyofuata. Nimeikasirikia posta, nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia mkwe wetu na begi lake. Halafu watu wa kuwakasirikia wakaisha nikabaki mimi.

Uliniuliza kwa nini haraka. Nakujibu sasa, bila simu. Ile Jumamosi niliposikia "msichana", nilikwenda moja kwa moja kitandani kwa mama yako nikamwambia, "Kissa amezaliwa. Ameshaandikwa. Imekwisha." Hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Yeye akanishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaubana, hakuuachia mpaka uji ukapoa. Tangu siku ile nilikuwa naukimbiza uongo wangu ili uwe kweli kabla hajaondoka. Uliponiandikia habari ya Sayuri nilikaa uani na barua mkononi nikashindwa kuingia ndani, maana angeniona usoni. Ulidhani ni ukali. Ilikuwa hofu, mwanangu. Mimi nikiogopa napayuka.

Leo nimekaa na kalenda. Fomu mmeipeleka tarehe 15 Juni. Mama yako ameondoka tarehe 28. Nimehesabu, nikahesabu tena kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni siku kumi na tatu. Siku kumi na tatu alikuwa hai duniani pamoja na mwenzake wa jina, limeandikwa kweli, na mimi sikuwa mwongo tena mbele yake. Msalimie sana mama mkwe wako wa Nagoya. Mwambie alisema sawa, kumi na tatu haina ubaya.

Karatasi ya alama sikuwahi kumwonyesha mama yako. Nimempelekea fundi anayechonga msalaba, nikamwambia aichonge chini ya jina. Amekataa. Anasema jina ameshalichonga. Nikamwambia na hili ni jina. Akaniuliza, "Mwalimu, linasomwaje?" Nikamwambia linasomwa Kissa. Akasema, basi nimeshalichonga. Tumegombana, nitarudi kesho. Nimeinakili mara ishirini ili nimwelekeze vizuri. Hapo kwenye moyo ndipo bado mkono wangu unakataa.

Ule mstari wa Aprili niliuandika mimi, na niliusahihisha bila kukusudia. Mkono wa mwalimu mgumu. Umenikataza nisiuandike tena na una haki. Lakini barua inayotoka nyumba hii bila mstari ule imenishinda kuifunga. Nauandika mara hii ya mwisho, kwa mwandiko wangu, bila kumwiga, na bila kusahihisha.

Baba yako,
Jonas

*Habali ya huko mwanangu. Kula visuli. Mlete Kissa.*